Jua la Kubeba Mgongoni

Huyu mama nusura anifungishe duka, na bado nikisikia mtu anamsema vibaya nasimama. Nasema hivyo mapema ili asitokee mtu akadhani nampamba. Mimi ni mtu wa Butembo. Nilikuwa nauza plaki za sola Kitshanga, huku mashariki mwa Kongo, zile zinazofika zimefungwa kwenye kartoni na povu jeupe, na miaka yote tuliyokaa mlango kwa mlango hakununua kwangu hata moja. Kibaya zaidi, aliwachukua wateja wangu akawafundisha kujitengenezea za kwao.

Tulimwita Madame tu. Alifundisha fizikia sekondari mpaka akachoka kufundisha bila mshahara, akaacha chaki, lakini u-Madame wenyewe haukumwacha. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kufika dawati la nyuma, na alitembea haraka hata pale ambapo hakuwa na pa kwenda. Asubuhi akipita dukani kwangu hasalimii kwanza. Anagonga kioo cha plaki mpya kwa kidole kama anayechagua boga sokoni, halafu ananiuliza:

"Butembo, hii nani aliitengeneza?"

"Sijue, Madame. Bachina."

"Na ikikufa kesho, utaita huyo Muchina akuje Kitshanga?"

Anakwenda zake. Wiki inayofuata anarudi na swali lile lile, nami nakasirika upya. Jina langu analijua vizuri, lakini mbele ya watu nilikuwa Butembo, kana kwamba mji mzima ulikuwa unauza plaki kupitia mikono yangu.

Hangar yake, banda la kazi, ilikuwa nyuma ya soko, mbao za mikaratusi na mabati yaliyochoka. Ndani kulikuwa na mikeka, mbabula, jiko la makaa, na wanawake wamepiga magoti wakiinamia vioo. Wengi walitoka kwenye kambi ya wakimbizi, wengine walikuwa wakulima wa vilima vya jirani waliozaliwa hapo na kulima hapo. Mbabula haikuwa ya kupikia. Ndani yake mlikuwa na vipande vya shaba vilivyofungwa kwenye mipini ya mti, vinapata moto, na kwa vipande hivyo waliyeyusha risasi ya kuunganishia seli. Sisi tunasema kusude. Harufu yake ilinifikia mpaka dukani, na mteja akiinusa tu najua ameshaanza kufikiri.

Na ajabu ni kwamba vitu vyake niliviagiza mimi. Mara ya kwanza alinituma seli tupu, vile vigae vya bluu ambavyo ndani ya plaki ndivyo vinavyokula jua. Ni vyembamba kuliko biskuti. Sasa wewe niambie, lori linatoka Butembo kwa barabara zetu, kitu kama hicho kitafika kizima? Nilifungua kartoni mbele yake nikakuta vipande, nikashika kichwa. Yeye akacheka mpaka akaketi juu ya gunia la chumvi.

"Juu ya nini unalia, Butembo? Hivi njo nilikuwa nataka."

Akanieleza, na kwa sauti ya darasani, wateja wote wasikie. Seli nzima inatoa nusu volti. Kipande chake nacho kinatoa nusu volti. Ukubwa unaongeza wingi wa umeme, hauongezi msukumo. Unganisha vipande thelathini na sita, hata viwe vidogo kama karata, na utapata msukumo wa kujaza batri ya pikipiki, polepole, lakini itajaa. Sharti ni moja, vipande viwe sawa, kwa sababu kile kidogo kabisa ndicho kinachowaamuru wenzake wote. Kwa hiyo wanawake walikaa siku nzima wakivipanga, kikubwa na kikubwa mwenzake, kidogo na kidogo.

Fundi mwingine angepima plaki kwa mita. Madame alipima kwa mgongo. Mwanamke mpya akifika anageuzwa, anawekewa kijiti kutoka bega mpaka kiunoni, na kioo kinakatwa kwa kipimo hicho. Vioo vilitoka kwenye madirisha yaliyopasuliwa na mabomu, na hapa kwetu mali hiyo haikosekani. Nyuma ya kioo mwanamke anapanga seli, kisha kipande cha godoro, juu yake ubao mwembamba, anaziba kingo kwa silikoni, na kwenye pembe nne anaacha matundu ya kupitisha kitenge cha kuibebea mgongoni. Maana watu wa huku wanakimbia. Leo umelima, kesho risasi zinalia upande wa juu, unabeba unachoweza. Wengine wanaacha taa ikining'inia darini.

"Na mutoto, Madame?" aliuliza mama mmoja. "Mugongo ni ya mutoto."

"Mutoto mbele. Mbele njo kuko macho."

Na walifanya hivyo kweli. Nimewaona mimi.

Alikuwa na sheria moja iliyonitia wazimu. Hakumtengenezea mtu. Hata kama ungempa ng'ombe. Atakufundisha kuanzia asubuhi mpaka jioni, atakutukana, atakuita kichwa ngumu, atakupa seli zake mwenyewe, lakini plaki yako utaisude wewe. Ukimwambia huwezi, anauliza: "Mikono yako iko wapi?" Mama mmoja alimjibu kwamba wake mmoja umekufa, na kweli mkono wa kushoto ulikuwa umekauka tangu alipopigwa panga. Madame alipiga goti kando yake, akamwambia: "Basi mukono yangu ya kushoto ni yako. Ya kuume unayo." Wakafanya kazi hivyo, watu wawili na mikono miwili, na sikusikia pole wala maskini wee. Plaki ya yule mama ilitoka imepinda upande, lakini iliwaka.

Hata Padri wetu hakusamehewa. Alikuja na kanzu yake nyeupe kuomba plaki ya parokia. Akakalishwa mkekani. Akatoboa kanzu kwa shaba ya moto, akavunja vipande visivyo na idadi, na Jumapili akahubiri juu ya uvumilivu kwa uchungu mwingi. Mimi ni Mkatoliki safi na sikucheka kanisani, ila nilisubiri kufika nyumbani.

Msifikiri kila kitu kilimwendea sawa. Kule Nyamitaba, mama mmoja mfugaji alitengeneza plaki nzuri kuliko zote, akaipandisha juu ya paa, na baada ya muda taa ikaanza kufifia. Madame akapanda kilima kwa miguu siku nzima na vyombo vyake begani, akiamini kuna mahali uzi umeachia. Akaifungua yote, akapima kila kiungo, kila kitu kizima. Kumbe mwenye nyumba, kwa heshima, alikuwa akiipaka siagi kila asubuhi, kama anavyopaka kibuyu cha maziwa ili king'ae. Vumbi lote la Nyamitaba lilikuwa limeganda pale juu. Madame alikaa chini asijue atukane au acheke. Mwisho akasema: "Mama, hii haikamuliwe." Wakaifuta kwa majivu na maji, akanywa maziwa, akala jibini, akashuka. Mimi alinisimulia kama vile kosa lilikuwa langu.

Naye alikuwa na yake. Mwalimu wa fizikia mzima, aliyeweza kukuchorea wingu na chaji zake juu ya vumbi, ngurumo ikipiga tu anakimbia kufunika plaki zote kwa vitenge, jinsi mama zetu wanavyofunika vioo vya kujitazamia. Nilimwuliza siku moja, na fizikia je? "Fizikia naijua," akasema, "lakini radi haikuisoma." Kupika alikuwa hajui kabisa. Alikula kwa majirani, leo fufu na sombe kwangu, kesho viazi na maharage kwa mwingine, na hakushukuru mtu. Mke wangu alisema anafanya vile kwa sababu naye hataki kushukuriwa. Labda. Mimi naona alikuwa mkali tu.

Sasa niseme habari ya mkubwa. Mkubwa wa wale wenye bunduki walioushika mji. Wa upande gani, sisemi, wamepita wengi na wote walikuwa na mkubwa. Huyu alikuwa na jenereta moja karibu na barabara kuu, na simu ya kila mtu Kitshanga ilikuwa lazima ipite pale kupata moto, ile courant ya kujaza batri. Unapanga mstari, unatoa chako, unangoja. Sasa mstari ukaanza kuwa mfupi. Mji unaangaza jioni, na mwanzo yeye hajui unaangaza kwa nini, mpaka alipoambiwa.

Alifika hangar mchana, na watu wake. Nilikuwa mlangoni, nilikuwa nimeleta kartoni ya seli, kwa hiyo niliyasikia yote.

"Madame, nasikia uko nafundisha bantu kuiba courant yangu."

"Courant yako?" Hakusimama. "Hili jua, njo weye uliizala?"

Mmoja wa askari akacheka, akakohoa kuficha.

"Kuanzia leo hii nyumba inafungwa," mkubwa akasema. "Utatengenezea baaskari yangu, basi. Muntu mwingine nikisikia umemufundisha, nitaichoma na weye ndani."

"Sitengenezee muntu. Kama unataka, kaa chini, nikufundishe."

Na askari mmoja mwenye mvi, sijui ni uchovu au ni nini, akaketi! Akaweka bunduki kando na akanyoosha mkono kupokea shaba. Mkubwa alimtazama mpaka akainuka tena. Madame aligeuka akamwambia mwanamke aliyekuwa jirani yake aendelee, risasi inapoa.

Kesho yake hangar ilibomolewa. Walichukua vioo, shaba, seli, hata mbabula. Walipotoka pale wakapita kwangu wakazoa plaki zangu zote, zile mpya, zenye kung'aa, na hakuna aliyeniuliza mimi ni mwanafunzi wa nani. Kisha wakaingia nyumba kwa nyumba kutafuta za wanawake. Walizipata nyingi, chini ya vitanda, katikati ya viazi. Wakazigeuza, wakaona vipande visivyolingana na kioo chenye ufa na mbao zilizopinda, wakazitupa chini pale pale, wakaondoka. "Takataka," walisema. Siwezi kuwalaumu sana, nami nilikuwa nasema hivyo hivyo.

Madame alihamia sokoni. Aliketi kati ya wauza unga wa muhogo, bila chombo, akafundisha kwa mdomo na kwa kijiti ardhini. Nilimwendea nikamwambia aache, watamwua. Akanijibu bila kuinua uso: "Sikuwa nafundisha mabati, Butembo."

Halafu vita ikatukuta. Sitaisimulia, kila mtu wa huku ana yake na zote zinafanana. Nitasema tu kwamba nilipotezana na mke wangu na watoto kwenye njia panda, nikapanda kilima na umati, mvua juu yetu, simu yangu imekufa mfukoni. Alasiri mvua ikakatika na jua likatoka. Ndipo nikawaona. Mama mmoja akafungua kitenge, akashusha plaki mgongoni, akaiegemeza kwenye jiwe. Mwingine naye. Mwingine. Kilima kizima kikajaa zile takataka, zimeelekezwa magharibi, na nyaya zinatoka kwenye kila moja kwenda kwenye simu za watu wasiojuana. Hakuna aliyetozwa. Yule mama wa mkono mmoja alinyoosha ule mzima akachukua simu yangu bila kuniuliza. Ilipowaka nikapiga, nikasikia sauti ya mke wangu: "Tuko Mweso. Tuko bote bazima." Nililia mbele ya wateja wangu wa zamani, na sikuona haya.

Madame hakuwa pale. Alikuwa ameelekea Walikale, walisema, kwa miguu, na kundi la wanawake.

Muda ukapita. Nikarudi Kitshanga, nikafungua duka tena, dogo. Yule yule mkubwa bado alikuwepo, ila sasa amebadilika kidogo. Barabara ya mafuta ilikuwa imekatika, jenereta imenyamaza. Plaki zangu alizozoa zilikuwa zimekufa moja moja, moja kwa risasi, nyingine kwa kuanguka, na hakuna katika watu wake aliyejua kufungua hata moja. Redio zake za kuongelea zilikuwa bubu. Akaniita. Alikuwa amesikia Madame yuko Pinga, na macho yake yameingia ukungu, karibu haoni. Akanipa maneno ya kumpelekea.

Niseme ukweli, nilikwenda kwa moyo wote. Pikipiki, matope, kusukuma, kulala njiani, kusukuma tena. Nilitaka akubali. Mtu yule kipofu? Hapana, nilisema, safari hii atanisikia.

Nilimkuta chini ya turubai kando ya njia, asubuhi, ameketi kwenye kiti kifupi, na wanawake wapya wamezunguka kioo. Alikuwa amekonda. Macho yake yalikuwa meupe kama maji ya mchele. Kabla sijafungua mdomo akasema:

"Butembo. Biatu yako inalia kama zamani."

Nilishika mkono wake. Halafu nikasema yote mara moja, nisije nikapoteza ujasiri. "Madame, mukubwa anasema urudi. Nyumba yako, ile ya karibu na duka yangu, anakurudishia. Barrière zote mpaka Goma ziko mukononi mwake, atafungua upite, docta akutengeneze macho. Anataka kitu moja tu. Utengenezee baaskari, na usifundishe tena muntu."

Akafuta mikono kwenye kitenge.

"Docta wa macho, iko kweli?"

"Iko kweli."

"Na bantu banaona tena?"

"Banaona, Madame. Kabisa."

"Nyumba yangu, mabati bado iko?"

"Iko. Nimeiona."

Alivuta pumzi, na nikamwona anataka. Aliutaka ule mlango wake, na aliyataka macho yake, kama mtu yeyote. Nilishaanza kupanga kichwani jinsi nitakavyomkalisha kwenye pikipiki.

"Na nikipona," akasema, "nitaona nini? Nitaona bantu banapanga mustari kwake, simu mukononi? Hiyo niliisha kuona."

Hapo nikapandwa na hasira. Sikujali wanawake waliokuwepo. "Hiyo ni kiburi, Madame! Utakufa kipofu juu ya vipande vya kioo! Hawa batakupa nini? Fundisha hata moyoni mwako, lakini kubali, pona kwanza!"

"Eheh," akasema. "Ni kiburi. Lakini ni yangu."

"Madame, nakuomba."

"Najua unaniomba. Umetoka mbali, na unanipenda, hata kama hauna akili." Akanigeuzia ule uso usioona, na sauti ikarudi kuwa ya dawati la nyuma. "Sasa uniambie. Umekuja kubeba jibu, ao umekuja kukaa? Kama ni jibu, pikipiki iko inje. Kama ni kukaa, kaa chini. Umesimama, unazuia bantu mwanga."

Wanawake walikuwa wananitazama. Mmoja alisogeza magoti, akaacha nafasi ndogo mkekani.

Nikakaa. Mtu mzima, mwenye duka, na suruali nzuri. Nikapewa shaba ya moto na kipande cha seli, nami miaka yote nimeuza plaki na sijawahi kugusa seli tupu kwa vidole. Nilijaribu kuishika kwa upole, jinsi unavyoshika kitu usichokijua. Ikatoa mlio mdogo.

Madame aliusikia.

"Amevunja," akasema. "Mumupe ingine."

Nikapewa nyingine. Jibu la Madame kwa mkubwa sijalipeleka mpaka leo.